Robert Bosch na Cheche ya Injini

1. Asubuhi ya soko

Ndugu msomaji, simama kando ya barabara hapa Maji ya Chai asubuhi na mapema. Utaona magari mengi. Mengine yanakwenda Arusha, mengine yanakwenda Moshi. Bodaboda wanasubiri abiria. Pikapu zinabeba ndizi kwenda soko la Tengeru.

Fikiri ni Jumamosi, siku ya soko. Ndizi zako zimekwisha kupakiwa. Unawasha pikapu, lakini injini inakohoa na kuzima. Unajaribu tena, haiwaki. Jua linapanda. Wanunuzi hawakusubiri.

Mara nyingi kosa liko katika kitu kidogo kama kidole. Kitu hicho ni plagi. Katika injini ya petroli, hewa na mvuke wa petroli huingia ndani ya silinda. Pistoni huvibana. Kisha plagi hutoa cheche, na mchanganyiko huo huwaka. Moto huo husukuma pistoni, na gari huenda. Bila cheche hakuna safari. Injini ya dizeli haina plagi za namna hii, kwa maana dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana.

Mtu mmoja alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhangaikia cheche hiyo. Jina lake lilikuwa Robert Bosch. Hebu tusome habari zake.

2. Mtoto wa kijijini

Robert Bosch alizaliwa tarehe 23 Septemba, 1861, katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, nchini Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kumi na moja kati ya watoto kumi na wawili. Baba yake alikuwa mkulima, tena alikuwa na nyumba ya wageni.

Baada ya shule Robert alipelekwa kwa fundi mmoja mjini Ulm ili ajifunze kazi ya vyombo vidogo vya chuma. Alikaa huko tangu mwaka 1876 hadi 1879. Lakini hakufundishwa vizuri. Fundi huyo hakuwajali sana wanafunzi wake. Robert hakusahau jambo hilo. Alipokuwa tajiri, alihakikisha kwamba vijana katika kiwanda chake wanafundishwa ufundi kwa utaratibu mzuri.

Alipokuwa kijana alisafiri kutafuta ujuzi. Mwaka 1884 alikwenda Marekani, akafanya kazi katika karakana ya Thomas Edison, mvumbuzi maarufu wa mambo ya umeme. Kisha alifanya kazi Uingereza. Halafu akarudi kwao.

3. Karakana ndogo

Tarehe 15 Novemba, 1886, Bosch alifungua karakana yake katika mji wa Stuttgart. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya watu. Alikuwa na wafanyakazi wawili tu: fundi mmoja na kijana wa kutumwa. Walifunga simu na kengele za umeme, na kutengeneza vyombo vilivyoharibika.

Mwaka 1887 mteja mmoja alitaka atengenezewe magneto. Magneto ni mashine ndogo yenye sumaku. Inapozunguka hutoa umeme wa kuwashia injini. Mashine ya namna hiyo ilikuwapo tayari, lakini Bosch aliitengeneza vizuri zaidi. Wateja wengine wakaja.

Hata hivyo, miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Mara nyingi fedha zilipungua, na Bosch alikuwa na madeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kazi ilikosekana, akalazimika kuwaachisha karibu wafanyakazi wake wote. Angeweza kutengeneza vitu hafifu na kuviuza upesi. Hakufanya hivyo. Aliona kwamba fedha iliyopotea huweza kupatikana tena, lakini mteja aliyedanganywa harudi.

4. Cheche yapatikana

Mwaka 1897 karakana ya Bosch ilifaulu kufunga magneto katika gari dogo la magurudumu matatu. Injini ya gari hilo ilizunguka hata mara 1,800 kwa dakika moja. Magneto za zamani hazikuweza mwendo huo. Lakini bado kulikuwa na shida. Ndani ya silinda mlikuwa na vyuma vya kugusana na kuachana ili kutoa cheche. Vyuma hivyo viliharibika upesi.

Bosch alimpa kazi hiyo fundi wake Gottlob Honold. Zamani Honold alikuwa mwanafunzi wa ufundi katika karakana hiyo hiyo. Baadaye alikwenda kusoma zaidi, kisha akarudi. Honold alitengeneza magneto yenye umeme wa nguvu kubwa, pamoja na plagi ya kufaa. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1902. Sasa cheche iliruka yenyewe katika nafasi ndogo kwenye ncha ya plagi.

Bosch hakuwa mtu wa kwanza kufikiri juu ya plagi. Étienne Lenoir alitumia cheche ya umeme katika injini yake huko Ufaransa mwaka 1860. Lakini kazi ya Bosch na Honold ilifanya plagi iwe kitu cha kutegemewa. Kufikia mwaka 1906 kiwanda kilikuwa kimetengeneza magneto 100,000.

5. Tajiri asiyependa kupoteza

Mwaka huo huo wa 1906 Bosch alipunguza saa za kazi kiwandani zikawa nane kwa siku. Wakati ule viwanda vingi viliwafanyisha watu kazi kwa saa nyingi zaidi. Alilipa mishahara mizuri. Hata hivyo hawakupatana siku zote. Mwaka 1913 wafanyakazi wake waligoma.

Bosch alikuwa mtu wa kubana matumizi. Inasimuliwa kwamba siku moja aliona kibanio cha karatasi sakafuni. Akamwuliza mfanyakazi kile ni kitu gani. Yule akajibu kuwa ni kibanio. Bosch akamweleza kuwa ile ilikuwa fedha yake imelala chini. Lakini mtu huyo huyo hakubana fedha pale ilipotakiwa kazi nzuri. Hakuchanganya kubana matumizi na kutengeneza kitu kibovu.

Alipata majonzi pia. Mwanawe wa kiume, ambaye naye aliitwa Robert, alikufa mwaka 1921 baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Mwaka 1933 Hitler alitawala Ujerumani. Bosch hakuupenda utawala huo. Alisaidia baadhi ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa, na alimpa kazi Carl Goerdeler, mmoja wa wapinzani wa Hitler. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Kiwanda chake kilitengeneza vifaa vya vita, na wakati wa vita maelfu ya watu walilazimishwa kufanya kazi humo. Jambo hilo ni doa katika historia ya kampuni yake.

Mwaka 1940 hospitali aliyoitolea fedha ilifunguliwa Stuttgart. Robert Bosch alikufa tarehe 12 Machi, 1942. Alikuwa na umri wa miaka 80. Siku hizi sehemu kubwa sana ya kampuni yake ni mali ya taasisi inayosaidia afya, elimu na mambo mengine ya jamii.

6. Tunajifunza nini?

Sasa turudi kwenye pikapu yetu. Tunataka kubana matumizi kama Bosch, yaani bila kununua kitu kibovu.

Kwanza, soma namba. Kitabu cha gari kinaonyesha namba ya plagi inayofaa. Kama huna kitabu, soma namba iliyoandikwa kwenye plagi ya zamani, na umwulize fundi kama ndiyo inayotakiwa. Usichague kwa macho tu. Plagi yenye shina refu mno huweza kugongwa na pistoni, na injini ikaharibika.

Pili, usilipe kwa jina tu. Ziko plagi za bei kubwa zinazodumu zaidi. Kitabu kikizitaka, nunua hizo. Kikitaka plagi za kawaida, za kawaida zinatosha. Lakini jihadhari na plagi za bandia. Nunua katika duka unalolijua.

Tatu, pima nafasi ya cheche. Fuata kipimo cha kitabu. Magari mengi ya zamani hutaka kama milimita 0.7 au 0.8, lakini si yote.

Nne, fungua plagi injini ikiwa baridi. Futa vumbi kwanza lisianguke ndani. Unaporudisha, anza kukaza kwa mkono, ndipo utumie spana. Usikaze kwa nguvu nyingi.

Tano, soma rangi ya plagi ya zamani. Kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi hewa. Tazama kichujio cha hewa. Oili kwenye ncha huonyesha oili inapenya ndani ya silinda. Ncha nyeupe huonyesha joto limezidi. Plagi ikiwa na ufa katika kauri yake, itupe.

Kazi hii ni ya nusu saa tu, nayo huokoa siku nzima ya soko. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili

1. Robert Bosch alijifunza nini kwa fundi wa Ulm?
2. Kwa nini hakutaka kuuza vitu hafifu alipokuwa na shida ya fedha?
3. Taja jambo jema na jambo baya katika historia ya kiwanda chake.
4. Plagi yako ina masizi meusi makavu. Utatazama nini?
5. Ni kitu gani ulichowahi kununua kwa bei ndogo kikakutia hasara? Waeleze wenzako darasani.