Atwaa bin Abi Rabah, Mufti wa Makka



Kila tukizungumzia ubaguzi wa rangi tunamtaja Bilal (R.A.), kisha tunanyamaza. Leo nawaletea mwingine, ambaye nilimjua kwanza kwenye somo la fiqhi kama jina tu katika msururu wa wapokezi.

Atwaa alizaliwa Janad, Yemen, zama za Sayyidna Uthman (R.A.), akakulia Makka. Alikuwa mweusi, chongo, kiwete, mkono mmoja umepooza, na baadaye akapofuka kabisa. Nasaba ya Kiarabu hakuwa nayo. Alikuwa maula, yaani mtu aliyehesabiwa chini ya ukoo wa Kikureshi. Chini ya Banu Umayya hilo halikuwa jambo dogo: mamaula wengi waliendelea kutozwa jizya hata baada ya kusilimu, na waliokwenda vitani hawakupewa posho sawa na Waarabu, mpaka Umar bin Abdul-Aziz alipojaribu kurekebisha. (Waliobaguliwa walikuwa Waislamu, na waliobagua pia. Hili kwenye mihadhara yetu hatulisemi.)

Mlango mmoja haukufungwa, nao ni darsa la msikitini. Hapakuwa na ada, wala hakuulizwa mtu babake ni nani. Atwaa aliketi kwa Ibn Abbas, akapokea kwa Bibi Aisha na Abu Hurayra (R.A.). Inasimuliwa kuwa sakafu ya Msikiti Mtukufu ilikuwa tandiko lake kwa miaka 20. Mwisho watawala walewale wakatangaza wakati wa Hija kwamba asitoe fatwa mtu ila yeye.

Kuna kisa cha Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik. Alikwenda na wanawe kumuuliza mambo ya Hija, akamkuta anaswali, ikabidi angoje. Atwaa alipomaliza akamjibu bila kumnyenyekea. Walipoondoka, khalifa aliwahimiza wanawe watafute elimu, maana hatasahau walivyodhalilika mbele ya yule mtumwa mweusi. Wahadhiri wetu hukomea kwenye himizo la elimu. Mimi nilikwama kwenye neno mtumwa. Mufti wa Makka, aliyefuatwa na khalifa kwa miguu yake, bado kinywani mwa khalifa alikuwa mtumwa!

Alifariki Makka mwaka 114 Hijria, wengine husema 115. Imamu Awzai amesimulia kuwa alikufa akiwa anaridhiwa na watu kuliko yeyote duniani, na kwamba waliokuwa wakihudhuria darsa lake hawakufika kumi.