Jaji Landis na Mizani ya Uaminifu Uwanjani

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika michezo ya kulipwa, hata hivyo, njia hiyo yaweza kurefuka iwapo wenye mamlaka ya kuifunga wamefumba macho. Swali la namna viongozi wa michezo wanavyopaswa kukabiliana na wachezaji na makocha wasio waaminifu ni la zamani, na miongoni mwa watu ambao majina yao yamefungamana nalo ni Jaji Kenesaw Mountain Landis wa Marekani, aliyekuwa mkuu wa besiboli ya kulipwa nchini humo tangu 1920 hadi 1944. Wapo wanaomtaja kuwa mwokozi wa mchezo huo, na wapo wanaomwona kuwa dikteta. Maisha yake yanadhihirisha kwamba kuadhibu udanganyifu ni jambo moja, na kushika mizani iliyo sawa ni jambo jingine.

Makuzi na Kazi ya Sheria

Landis alizaliwa tarehe 20 Novemba 1866 katika kijiji cha Millville, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji katika jeshi la Muungano wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na alijeruhiwa mwaka 1864 katika mapigano ya mlima Kennesaw, Georgia. Mwana akapewa jina la mlima huo. Alikulia katika jimbo la Indiana, akaacha shule ya sekondari kabla ya kuhitimu, lakini baadaye akasomea sheria na kufuzu mjini Chicago mwaka 1891.

Mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho mjini humo. Miaka miwili baadaye aliitoza kampuni ya mafuta ya Standard Oil faini ya dola 29,240,000, kiasi kilichoishangaza nchi nzima. Mahakama ya rufani iliitangua hukumu hiyo mwaka 1908, lakini sifa ya jaji asiyewaogopa matajiri ilikuwa imekwisha kuenea. Kesi nyingine ilimjengea jina miongoni mwa wamiliki wa vilabu vya besiboli. Mwaka 1915 ligi mpya ilizishtaki ligi kuu mbili mbele yake kwa kuhodhi mchezo. Landis, aliyekuwa shabiki mkubwa wa besiboli, hakutoa uamuzi hadi pande husika zilipopatana nje ya mahakama. Ucheleweshaji huo uliwanufaisha wamiliki wa zamani, nao hawakuusahau.

Kashfa ya 1919

Katika besiboli, mrushaji humrushia mpira mpinzani aliyeshika gongo, naye hujaribu kuupiga kisha akimbie kuvizunguka vituo vinne. Mrushaji akitaka kuiuza mechi, anaweza kulegeza mkono kidogo tu bila mtazamaji kung'amua. Hilo ndilo lililotukia katika fainali za 1919 baina ya Chicago White Sox na Cincinnati Reds. White Sox walitarajiwa na wengi kushinda, lakini walishindwa mechi tano kwa tatu. Wacheza kamari walikuwa wameahidi kuwapa baadhi ya wachezaji hao maelfu ya dola. Eddie Cicotte, mrushaji mashuhuri, alipokea dola 10,000 kabla ya mechi ya kwanza, na katika mechi hiyo akampiga kwa mpira mpinzani wa kwanza kabisa aliyesimama mbele yake. Hiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari kwamba mapatano yamekamilika.

Ukweli ulifichuka mnamo Septemba 1920, Cicotte na wenzake kadhaa walipokiri mbele ya jopo la uchunguzi. Wamiliki wa vilabu 16 vya ligi kuu waliingiwa na hofu, kwani shabiki asiyeamini anachokiona hanunui tiketi. Mwezi Novemba walimwendea Landis. Alikubali kuwa kamishna kwa sharti kwamba apewe mamlaka kamili juu ya wachezaji, makocha na wamiliki wenyewe. Nao wakakubali kutopinga maamuzi yake mahakamani. Kwa muda aliendelea kuwa jaji huku akilipwa mshahara wa pili na wale wamiliki. Chama cha mawakili wa Marekani kilimkosoa vikali kwa jambo hilo, naye akajiuzulu ujaji mwaka 1922.

Mahakama na Uwanja

Wachezaji wanane walishtakiwa. Jimbo la Illinois halikuwa na sheria iliyoharamisha waziwazi kuuza mechi, hivyo upande wa mashtaka ulilazimika kuthibitisha njama ya kuulaghai umma. Isitoshe, hati za maungamo yao zilitoweka kabla ya kesi. Tarehe 2 Agosti 1921 jopo la mahakama liliwaachilia huru washtakiwa.

Siku iliyofuata Landis aliwafungia wote wanane maisha. Alieleza kwamba, bila kujali uamuzi wa jopo, hatacheza tena besiboli ya kulipwa mtu yeyote anayeuza mechi, anayeahidi kuiuza, au anayekaa na walaghai wakipanga kuiuza kisha asiiarifu timu yake. Hapa ndipo ulipo msingi wa mawazo yake. Mahakama huuliza iwapo hatia imethibitishwa pasipo shaka. Msimamizi wa mchezo huuliza iwapo umma bado unaweza kuamini matokeo. Kwa Landis, kuachiliwa na mahakama hakukuwa cheti cha uaminifu.

Aliyenyamaza na Aliyesema

Sharti la tatu lilimgusa zaidi Buck Weaver. Mchezaji huyu alihudhuria mikutano ya njama lakini hakupokea hata senti moja, na katika fainali zile alicheza kwa bidii, akiupiga mpira kwa mafanikio mara 11. Kosa lake lilikuwa kunyamaza. Landis alimpa adhabu ile ile aliyopewa Cicotte. Weaver aliomba msamaha tena na tena, lakini hakufanikiwa hadi alipofariki mwaka 1956.

Ukali huo ulizaa matunda mwaka 1924. Jimmy O'Connell, mchezaji kijana wa New York Giants, alimwahidi Heinie Sand wa Philadelphia dola 500 ili asijitahidi sana dhidi ya timu yake. Sand hakunyamaza kama Weaver. Alimwarifu kocha wake mara moja, na habari ikamfikia Landis. O'Connell alikiri yote, akasema kwamba alitumwa na kocha msaidizi Cozy Dolan na kwamba wachezaji watatu maarufu walifahamu mpango huo. Watatu hao walikana, wakaachwa. Dolan alipohojiwa alijibu mara kwa mara kwamba hakumbuki. Landis alimfungia kocha huyo, lakini alimfungia pia kijana aliyesema kweli.

Mizani hiyo iliyumba walipofikishwa mbele yake vigogo. Mwishoni mwa 1926 mrushaji mstaafu Dutch Leonard aliwatuhumu Ty Cobb na Tris Speaker, waliokuwa wachezaji na makocha wakuu wa timu zao, kwamba walipanga matokeo ya mechi moja ya 1919. Leonard alikuwa na barua, lakini alikataa kwenda Chicago kukabiliana nao ana kwa ana. Mwezi Januari 1927 Landis aliwaondolea tuhuma. Kisheria uamuzi huo unaeleweka, maana mshtaki aliyejificha hatoshi kumhukumu mtu. Hata hivyo, msomaji hakosi kujiuliza kama Weaver alipewa nafasi ya namna hiyo.

Haki inamlazimu mwandishi wa historia kutaja pia kwamba Landis hakuwaogopa waliomlipa. Mwaka 1943 alimfungia maisha William Cox, mmiliki wa Philadelphia Phillies, kwa kuchezea kamari mechi za timu yake mwenyewe.

Doa Lisilofutika

Katika kipindi chote cha Landis, hakuna mchezaji Mweusi aliyeruhusiwa kucheza katika ligi kuu. Mwaka 1942 kamishna huyo alitangaza kwamba hakuna kanuni yoyote, iliyoandikwa au isiyoandikwa, inayowazuia. Kanuni iliyoandikwa kweli haikuwapo, lakini kila kilabu kiliutii mwiko uliokuwapo. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu kiasi cha lawama kinachomstahili yeye binafsi na kile kinachowastahili wamiliki. Lisilopingika ni kwamba mtu aliyemfungia Weaver kwa kunyamazia uovu alikuwa na mamlaka ya kuusema uovu huu, naye akaukana. Landis alifariki tarehe 25 Novemba 1944. Jackie Robinson aliingia uwanjani Aprili 1947.

Hitimisho

Landis aliirejeshea besiboli imani ya umma, na kanuni kwamba anayechezea kamari mechi anayoshiriki hufungiwa daima ilidumu baada yake. Alionyesha kwamba kiongozi wa michezo hawezi kuisubiri mahakama imfanyie kazi yake. Lakini alionyesha pia hatari ya kumpa mtu mmoja mamlaka yasiyo na rufani: mkosa mkubwa na mdogo hupimwa kwa kipimo kimoja, anayekiri hapati nafuu kuliko anayekana, na hakuna wa kumpima mpimaji.

Vizazi vya baadaye vimejaribu kuirekebisha mizani hiyo. Mwaka 2020 jina la Landis liliondolewa kwenye tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mwezi Mei 2025 kamishna wa wakati huo aliamua kwamba adhabu ya kufungiwa daima hukoma mhusika anapofariki, na majina ya wale wanane wa 1919 yakafutwa katika orodha ya waliofungiwa. Buck Weaver alikuwa amekaa kaburini miaka 69.