Mfahamu Mohamed Husen: Mtoto wa Dar aliyeigiza sinema zaidi ya 20 Ujerumani, akafia kambini

Ukitazama sinema za Kijerumani za miaka ya 1930, kuna kijana mmoja mweusi utamwona mara kwa mara. Leo ni mhudumu wa hoteli, kesho mpagazi, keshokutwa askari. Anapita nyuma ya mastaa kwa sekunde chache, kisha haonekani tena. Mara nyingi jina lake halipo hata kwenye orodha ya waigizaji.

Kwa miaka mingi waliotazama sinema hizo hawakujua ni nani. Kumbe ni Mtanzania, mzaliwa wa Dar es Salaam, na maisha yake yanashinda sinema zote alizoigiza.

Mtoto wa askari

Alizaliwa Februari 22, 1904, wakati nchi yetu ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jina alilopewa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Hilo la Bayume Mohamed Husen, ambalo ndilo linajulikana zaidi leo, alilitumia baadaye akiwa Ulaya.

Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa Msudani na askari wa jeshi la Wajerumani mwenye cheo cha efendi, cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kufika. Mtoto alisoma, akakijua Kijerumani, na akiwa bado mdogo sana tayari alikuwa anafanya kazi ya ukarani Lindi.

Halafu vita vikaja.

Vita vilivyofika Ziwa Nyasa mapema

Watu wa Mbamba Bay na Liuli wanaijua sehemu hii. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ilifika Liuli, ambako Wajerumani walikuwa wakikuita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe kubwa linalofanana na sanamu ya Misri. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mwingereza, Rhoades, akaipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, ambaye alikuwa rafiki yake, hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza.

Kwa manahodha hao wawili habari hiyo hadi leo inasimuliwa kama kichekesho. Kwa Waafrika haikuwa kichekesho hata kidogo. Vita hivyo viliendelea hadi Novemba 1918, vikala askari, wapagazi na chakula cha vijiji vya kusini yote.

Mahjub aliingia jeshini pamoja na baba yake akiwa na miaka 10. Hesabu mwenyewe: huyo kwa sasa angekuwa darasa la nne. Alifunzwa kazi ya kupeleka ishara na taarifa. Oktoba 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, huko mkoa wa Lindi, moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vya Afrika Mashariki. Baadaye akawa mateka wa Waingereza.

Alikwenda Berlin kudai mshahara

Vita vilipoisha Wajerumani waliondoka, na mishahara ya askari wengi ikabaki haijalipwa. Mahjub akatafuta maisha melini. Alifanya kazi ya uhudumu kwenye meli, zikiwemo za kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikisafiri pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 alifika Berlin na jambo moja kichwani: kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kuwa amechelewa, muda wa madai umepita. Basi.

Hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katikati ya Berlin lililokuwa na migahawa ya mitindo ya nchi mbalimbali. Januari 27, 1933 akamuoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akashika madaraka.

Nchi ilimtaka, ila siyo kama raia

Hapa ndipo maisha yake yanakuwa magumu kueleweka kwa msomaji wa leo. Husen alijiona askari wa Ujerumani. Aliomba nishani ambayo serikali iliwapa waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Akainunua mwenyewe kwa muuzaji wa vifaa vya kijeshi, akaivaa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa tena.

Lakini alipohitajika, aliitwa. Wanazi walikuwa na ndoto ya kurudishiwa makoloni, Tanganyika ikiwemo. Kwa hiyo walimhitaji mtu wa kufundisha Kiswahili, na Husen akafundisha Berlin, chini ya maprofesa waliokuwa na vyeo na mishahara kuliko yeye, ingawa lugha ilikuwa yake. Walihitaji pia sura ya askari mwaminifu wa kuonyesha kwa umma. Alishiriki maonyesho yaliyozunguka Ujerumani yakiwaonyesha Waafrika kwa watazamaji wa kulipa kiingilio.

Wakati huohuo kazi ya Haus Vaterland aliipoteza mwaka 1935, mwaka ambao sheria za ubaguzi zilipigilia msumari zaidi. Waafrika waliotoka makoloni ya zamani walikuwa wanaishi na hati za wageni, hawana nchi ya kuwatetea. Yeye na Maria walizaa mtoto wa kiume na wa kike. Wote wawili walifariki kabla ya mwaka 1940, wakiwa wadogo.

Sura kwenye sinema

Mwaka 1934 aliigiza kwenye sinema iliyohusu vita vya Afrika Mashariki ya Kijerumani, vita vilevile alivyojeruhiwa akiwa mtoto. Kuanzia hapo hadi 1941 alionekana kwenye sinema zaidi ya 20. Mojawapo ni Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, akiwa pamoja na Zarah Leander, staa mkubwa wa wakati huo.

Nafasi yake kubwa zaidi ilikuwa ya mwisho. Ni sinema iitwayo Carl Peters, ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Herbert Selpin, Hans Albers akiwa mhusika mkuu. Husen alicheza Ramasan, kiongozi wa njia na mkalimani.

Carl Peters huyo ndiye yule ambaye mwaka 1884 alizunguka Usagara akiwasainisha machifu mikataba wasiyoielewa. Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Huko Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake na msichana aliyekuwa akiishi naye, na mwaka 1897 serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi. Sinema ilimgeuza shujaa. Waafrika wengine walioonekana humo walikuwa mateka wa kivita kutoka jeshi la Ufaransa. Yaani mateka wanaigiza kufurahia kutawaliwa.

Mwisho wake

Mwaka huohuo wa 1941 Husen alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri. Kosa: uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo sheria za rangi zilikuwa zimelifanya jinai. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akakaa huko miaka mitatu.

Alifariki humo Novemba 24, 1944. Alikuwa na miaka 40.

Selpin, mwongozaji wa ile sinema, naye alitangulia: alikutwa amekufa mahabusu mwaka 1942 baada ya kulisema vibaya jeshi.

Jina lake lilivyopatikana

Kazi ya kutambua sinema za zamani ina mafundi wake. Wanaangalia alama ndogo pembeni ya mkanda: kampuni ya Kodak iliweka duara, mraba au pembetatu kuonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa, na alama hizo zilijirudia kila baada ya miaka 20. Wanaangalia aina ya magari, nguo, maandishi yanayotokea katikati ya picha. Sinema nyingi za kimya za kabla ya 1930 hazina tena kichwa wala mwisho, hivyo fundi anaanza na vipande tu.

Na wanakimbizana na muda. Mikanda ya zamani ni ya naitreti, inashika moto upesi na inaoza yenyewe ikiachwa kwenye joto. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013: kati ya karibu sinema ndefu 11,000 za kimya zilizotengenezwa Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la asili.

Lakini alama ya Kodak haikuambii jina la mpagazi aliyesimama nyuma. Kwa Husen ilibidi njia nyingine. Marianne Bechhaus-Gerst, profesa wa masuala ya Afrika huko Cologne, alifuatilia mafaili: barua za madai, maombi ya nishani, karatasi za polisi. Mwaka 2007 akatoa kitabu cha maisha yake. Mwaka huo pia jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake likawekwa Brunnenstraße 193, Berlin, alikowahi kuishi. Mwaka 2013 Eva Knopf akatoa filamu ya kumbukumbu, akitumia vipande vya zile sinema, safari hii kamera ikimfuata yule wa nyuma.

Cha kuchekesha, kilichomwokoa asisahaulike ni ubishi wake. Asingedai mshahara na nishani, faili lisingekuwepo.

Wapo wengine wengi

Sinema za safari zilizopigwa Kenya na Tanganyika enzi za kimya, kama Simba ya Martin na Osa Johnson ya mwaka 1928, zimejaa Waafrika waliobeba kamera, waliopika, waliofuata nyayo za wanyama. Sinema zinahifadhiwa, majina ya wazungu yanajulikana, ya hao wengine mengi hayajulikani.

Hata zilizotengenezwa kwa ajili yetu hazikupona. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Usambara, mradi wa Waingereza ulitengeneza filamu zipatazo 35 za elimu, Waafrika wakiigiza. Mikanda haikuwa na sauti. Sauti ilitoka kwenye santuri pembeni. Zilizungushwa hadi Nyasaland, ng'ambo ya ziwa letu. Zinazojulikana kubaki ni chache mno.

Husen alipata bahati ya kuandikwa karatasini. Kwa wengi waliobaki, faili halipo. Kilichopo ni sura kwenye mkanda, na pengine mjukuu mahali fulani, Lindi, Muheza au Mbinga, ambaye angemwona mara moja tu kwenye simu akasema huyu ni babu yetu.