Émile Baudot, mwana wa mkulima aliyepanga herufi kwa vifungo vitano

Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 septemba 1845 kule Magneux, kijiji cha Ufaransa, kwa wazazi wakulima. Masomo yake yaliishia shule ya msingi. Akalima na baba yake mpaka 1869, alipoingia kazi ya telegrafu kama mwanafunzi.

Wakati ule habari zilipita kwa alama za Morse. Herufi moja ina alama moja, ingine tatu ao ine. Mtu anasikiliza anaelewa, lakini mashini inapata shida, juu haijui herufi inaishia wapi.

Baudot akaanza na hesabu: herufi ni 26, haziongezeki. Alama moja, umeme upo ao haupo, inatofautisha vitu 2. Alama mbili vitu 4, tatu 8, ine 16: hazitoshi. Tano zinafika 32. Basi kila herufi ikapewa alama tano, si zaidi wala pungufu, na mashini ikajua siku zote pa kukata. Lakini tarakimu zilibaki inje. Akatenga alama mbili za kuonya tu: moja kwamba kinachofuata ni tarakimu, ingine kwamba tunarudi kwenye herufi. Bila ule ujanja angelipa alama ya sita kwa kila herufi.

Hati ya uvumbuzi aliipata 1874, na 1877 mashini zake zikaanza kazi kati ya Paris na Bordeaux. Mtumaji alikuwa na vifungo vitano, viwili mkono wa kushoto, vitatu wa kuume. Alipaswa kufuata mdundo wa mashini, juu waya uleule ulikuwa unagawiwa kwa zamu fupi sana na wenzake. Ukichelewa, zamu imepita. Haikuwa kazi ya watu wavivu.

1878, maonyesho ya Paris yakampa medali ya zahabu. Sifa alipata, pesa hapana: utafiti aliulipa mwenyewe, na 1880 akaiuza ile medali ili aendelee. Afya yake nayo ilikuwa mbaya. Alioa januari 1890. Mke wake akafariki aprili ya mwaka ule ule. Baudot mwenyewe alikufa tarehe 28 machi 1903 huko Sceaux, akiwa na miaka 57.

Jina lake limebaki katika kipimo cha mwendo wa alama kwa sekunde, kinachoitwa baud. Na hesabu yake bado inafanya kazi. Kwenye kadi nyingi za memori za simu na za vinasa sauti, tarehe ya faili inawekwa vile vile: siku hazipiti 31, zinapewa alama tano, miezi 12, alama ine, mwaka, unaohesabiwa tangu 1980, alama saba. Jumla 16, na tarehe nzima imeingia.