Henry Stanley na mashua iliyozunguka Ziwa Victoria

Machi 1875, mashua ya tanga ilipita mbele ya mlima Majita, kusini mwa Musoma ya leo. Wapagazi walikuwa wameibeba vipande vipande kwa miguu kutoka Bagamoyo.

Mwenye chombo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyezaliwa Wales mwaka 1841 na kukulia katika nyumba ya maskini. Mashua aliipa jina la mchumba wake: Lady Alice.

Aliondoka Kageyi, karibu na Mwanza, tarehe 8 Machi akiwa na mabaharia 11. Kwa karibu miezi miwili, chombo hicho cha futi 40 kilikuwa makao yao, katika dhoruba na katika njaa. Walifika Buganda kwa Kabaka Mutesa, wakarejea Kageyi tarehe 6 Mei. Safari hiyo ilithibitisha kuwa Ziwa Victoria ni ziwa moja, si maziwa kadhaa kama baadhi ya Wazungu walivyodai.

Lakini gharama yake ilikuwa damu. Katika kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya makasia, na Stanley akawapiga risasi. Agosti alirudi kulipiza kisasi, akaua wengi zaidi. Hata Uingereza alilaumiwa.

Lady Alice iliachwa kando ya mto Kongo mwaka 1877. Alice mwenyewe alikuwa ameshaolewa na mwingine. Stanley alifariki London tarehe 10 Mei 1904.