Aster Ganno: Mtaji Ambao Mateka Hakunyang'anywa

Juma hili nawaletea habari za mama mmoja wa upande wa juu, ng'ambo ya mpaka wa Moyale. Anaitwa Aster Ganno, Mworomo. Lugha yake ni ile ya majirani zetu Waborana, kwa hiyo wengi wenu mmeisikia.

Alizaliwa karibu mwaka 1872, tena huru. Lakini mfalme wa Limmu-Ennarya, huko Ethiopia, alimtia utumwani. Mwaka 1886, akiwa msichana wa miaka kama 14, alikuwa ndani ya chombo kikivuka Bahari ya Shamu kwenda kuuzwa Uarabuni. Meli za Waitalia zikakizuia, mateka wakaachiliwa. Aster akapelekwa Imkullu, karibu na bandari ya Massawa, Eritrea, kwenye shule ya misheni ya Waswidi.

Usidhani alifika mahali pa raha. Waitalia walikuwa wameshika Massawa tangu 1885. Januari 1887 jeshi la Ethiopia likawapiga kule Dogali, si mbali na hapo. Mwaka 1896 vikaja vita vya Adwa. Hiyo ndiyo miaka aliyosoma na kufanya kazi.

Mimi nilisoma biashara chuoni, na tulifundishwa kuuliza kwanza mtaji uko wapi. Aster hakuwa na ng'ombe, shamba wala ndugu. Alibaki na lugha ya mama yake tu. Sasa Onesimos Nesib, mtumwa mwenzake aliyeachiliwa, alikuwa anatafsiri Biblia kwa Kioromo. Yeye alitekwa akiwa mdogo sana, maneno mengi ya kwao yakawa yamempungukia. Aster alikuwa nayo! Akasaidia kukusanya kamusi ya maneno yapata 15,000, akaandika nyimbo na hadithi za kwao. Mwaka 1894 wakatoa kitabu cha kufundishia kusoma. Mwaka 1899 ikachapishwa Biblia nzima. Sifa nyingi zilimwendea Onesimos, lakini dada huyu hakuacha kazi.

Mwaka 1904 wakarudi Ethiopia, Wellega, wakafungua shule. Kule Nekemte, Aster akawa mwalimu, akifundisha watu wake kwa lugha yao. Aliishi mpaka 1964.

Someni 2 Wafalme 4. Mjane analia madeni, Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu, na Mungu akaanzia hapo.

Kusema kweli, wengi wetu tumeletwa Hadado na kazi: walimu, wauguzi, askari. Tunahesabu tulichoacha nyumbani, tunangoja barua ya uhamisho. Na huku tumekaa benchi moja na mama anayeshika Biblia asiyoweza kuisoma, anayeweka dole gumba mahali pa sahihi. Unajua kusoma? Huo ni mtaji, na umelala. Juma hili tafuta mtu mmoja, keti naye nusu saa, muanze na herufi za jina lake. Usingoje kamati wala bajeti, na usijali kama jina lako halitatangazwa madhabahuni.

Tuombe: Baba, tuonyeshe kilichobaki mikononi mwetu, na utupe moyo wa kukitoa. Katika jina la Yesu, Amina.