Abraham Block: kutoka matela ya majani mpaka oteli kubwa

Oteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904. Abraham Block, Myahudi aliyezaliwa Lithuania mwaka 1883, wakati Urusi inaitawala na kuwatesa Wayahudi, alikuwa amefika Kenya 1903, mfuko mwepesi. Alilima, akashona na matela za majani makavu za kuuza. Mwaka 1927 akanunua Norfolk yenyewe. Alipokufa mwaka 1965, kazi haikuzikwa naye: watoto wake Jack na Eric alishawaingiza humo angali hai, wakaiendeleza.

Hapa kwetu, mara nyingi malewa inafunga mlango mwenyewe akifa. Wewe mwenye malewa pale Kavimvira ao Kalundu, nani mwingine nyumbani anajua hesabu yako?